Mfanano wa Msimbo na Umoja wa Kanuni: Uhakiki wa Fundisho la Urithi katika Programu za Kiobjekti

Katika ufundishaji wa programu za kiobjekti, urithi hutangulizwa kama dawa ya msimbo unaojirudia. Mwanafunzi huoneshwa klasi mbili zenye mistari inayofanana, kisha huelekezwa kuihamishia mistari hiyo kwenye klasi mzazi ili klasi zote mbili ziirithi. Fundisho hili lina umri mrefu: urithi wa klasi ulianza na Simula 67, lugha iliyobuniwa Norway na Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, na ungali nguzo ya lugha kama Java. Upungufu wake ni kwamba huruka swali linalopaswa kutangulia, yaani, iwapo mistari inayofanana inasema jambo lilelile.

Ichukuliwe, kwa mfano, programu ya kumbukumbu za shule ya msingi kama ile ya Mwisenge, mjini Musoma. Klasi Mwanafunzi hutoa mwaka wa kuingia katika mwaka wa sasa, ikaongeza moja, ikapata darasa alilomo mtoto. Klasi Mwalimu nayo hutoa mwaka wa kuajiriwa katika mwaka wa sasa ili kupata miaka ya utumishi. Hesabu ni ileile ya kutoa, na anayefuata fundisho lililotajwa ataiweka mara moja katika klasi mzazi iitwayo Mtu. Msimbo utapungua, na huenda akasifiwa kwa hilo. Lakini historia ya shule hiyohiyo inatosha kuivunja kazi yake. Julius Nyerere aliingia Mwisenge mwaka 1934 na, kwa uhodari wake, akarushwa darasa. Programu hiyo ingemweka darasa moja nyuma. Mrekebishaji akiisahihisha hesabu ndani ya klasi Mtu kwa kuongeza madarasa yaliyorukwa, atakuwa ameigusa pia miaka ya utumishi ya mwalimu, ambaye hakurushwa popote. Kosa la namna hii ni gumu kuligundua kwa sababu aliyelifanya hakufungua kabisa faili la klasi Mwalimu.

Kinyume chake ni kizito zaidi. Kanuni kwamba elimu ya msingi huishia darasa la saba inaweza kukaa mahali patatu bila kufanana: katika klasi Mwanafunzi kama sharti la kuhitimu, katika klasi Uhamisho kama hesabu ya miaka iliyobaki, na katika klasi Matokeo kama jedwali la safu saba. Anayetafuta mistari inayofanana hataona marudio yoyote. Hata hivyo, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, inaweka elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, na sehemu zote tatu zinapaswa kubadilika kwa sababu moja. Andrew Hunt na David Thomas walipoitoa kanuni yao dhidi ya marudio mwaka 1999, walizungumzia maarifa yanayopaswa kuwa na makao mamoja ndani ya mfumo, hawakuzungumzia mistari. Wafundishaji wengi waliichukua kanuni hiyo na kuyaacha maarifa.

Msomaji wa sarufi ya Kiswahili ana kielelezo cha jambo hili karibu naye. Kiti na kiboko huanza kwa ki-, lakini husemwa kiti kimevunjika na kiboko amezama. Anayepanga ngeli kwa umbo la mwanzo wa nomino peke yake atalazimika kuorodhesha kifaru, kipofu na kijana kuwa vighairi. Anayepanga kwa upatanisho hana haja hiyo. Klasi mzazi iliyoundwa kwa kufuata mfanano wa mistari ni ngeli iliyopangwa kwa umbo.

Kwa kanuni ya mwaka wa kuhitimu, urithi hauna msaada wowote, kwani Matokeo si aina ya Mwanafunzi. Inafaa kuwe na klasi Mtaala inayobeba idadi ya miaka, na kila objekti ya Mwanafunzi ishike mtaala wake. Katika kipindi cha mpito objekti mbili za Mtaala zitaishi pamoja, ya miaka saba na ya miaka sita, bila sharti jipya kuandikwa popote. Gamma na wenzake walishauri mwaka 1994 kwamba uunganishaji wa objekti upendelewe kuliko urithi, ingawa sababu yao kubwa ilikuwa unyumbufu wa programu. Njia hii ina gharama: klasi ndogondogo huongezeka, na mgeni wa programu huchelewa kuuona mtiririko wake. Pale ambapo kanuni mbili zinafanana leo bila sababu inayojulikana, nakala mbili zikiachwa hazina aibu.

Urithi wenyewe unaweza pia kuzaa marudio. Katika Java klasi hurithi klasi mzazi mmoja tu. Mwalimu mwenye mtoto katika shule anayofundisha ni Mwalimu na ni Mzazi. Iwapo klasi hizo ni matawi mawili ya Mtu, itabidi aandikishwe mara mbili, kwa namba mbili za simu. Akibadilisha laini, ofisi ya walimu itapata namba mpya, na taarifa ya mtoto kuugua itaendelea kupigwa kwenye ile ya zamani.