Mkono Unaokumbuka

Toroli la kufungia vidonda linapoanza kuzunguka wodini asubuhi, angalia linaanzia kwa nani. Halianzii kitanda cha mlangoni, wala kwa anayelalamika zaidi. Muuguzi anayeijua kazi huanza na mshono mkavu wa mama aliyejifungua kwa upasuaji, na kidonda chenye usaha cha mzee mwenye kisukari hukiacha mwisho. Mzee anaweza kununa akidhani amepuuzwa, kumbe mpangilio huo unawalinda wenzake wote. Hata saa ya kuanza ina sababu: wodi iwe imeshafagiliwa, mashuka yameshakung'utwa, na vumbi limetulia.

Watu wengi wakisikia habari za kuzuia maambukizi hufikiria sabuni na dawa ya kuulia vijidudu. Vyote ni lazima. Lakini ukimtazama muuguzi hodari kwa utulivu, utaona kwamba kazi yake kubwa ni kukumbuka: mkono huu umegusa nini, na sasa unakwenda kugusa nini. Shirika la Afya Duniani limezitaja nyakati 5 za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayodai usafi wa hali ya juu, baada ya kukaribiana na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Kwa sabuni na maji ni sekunde 40 hadi 60. Kwa kitakasa mikono, 20 hadi 30. Mzoefu hasugui viganja tu. Anazungusha kila kidole gumba ndani ya kiganja cha pili, kisha anasugua ncha za vidole, maana hizo ndizo sehemu zinazosahaulika na ndizo zitakazogusa kidonda.

Kisha kifurushi cha vifaa. Anaangalia utepe wake kwanza: mistari imegeuka myeusi, ishara kwamba kilipita kwenye joto la mvuke. Haridhiki na utepe peke yake. Kikiwa na unyevu au kimechanika, kinarudi kilikotoka. Anafungua kona iliyo mbali naye kwanza na ya upande wake mwisho, ili mkono usipite juu ya vifaa vilivyokwisha kuwa wazi.

Bandeji ya zamani huiloweka kwa maji ya chumvi ya hospitali isije ikang'oa nyama changa, huitoa kwa glovu za kawaida, hizo glovu huzivua, na mikono huisafisha upya. Sasa zinakuja glovu zilizotakaswa, zimekunjwa kwenye kifundo. Ile ya kwanza huishika kwenye mkunjo, yaani upande wa ndani utakaokaa kwenye ngozi. Ya pili huinuliwa na mkono uliokwisha kuvaa, vidole vikiingia chini ya mkunjo, upande wa nje. Ngozi hugusa palipokusudiwa ngozi, glovu hugusa glovu. Mwanafunzi huhangaika nazo mpaka jasho limtoke, mzoefu humaliza huku akiuliza, "Mama, usiku ulilala?" Halafu anasafisha kidonda: gozi moja, mpito mmoja, kutoka palipo safi kwenda palipo pachafu, na moja kwa moja kwenye mfuko wa taka.

Ustadi wake hasa hujulikana pale jambo linapoharibika. Ncha ya kidole imegusa reli ya kitanda, kidogo tu. Mgonjwa hakuona, msimamizi yuko ofisini, na foleni bado ndefu. Muuguzi anavua, anatakasa mikono, anavaa nyingine.

Historia inaonyesha gharama ya mkono usiokumbuka. Katika hospitali kuu ya Vienna, madaktari na wanafunzi wao walikuwa wakitoka kupasua maiti na kuingia moja kwa moja kuzalisha. Mwaka 1846, katika wodi yao, zaidi ya mama 11 katika kila 100 walikufa. Wodi ya wakunga, ambao hawakupasua maiti, ilikuwa na vifo vichache zaidi. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis aliamuru mikono ioshwe kwa maji ya klorini. Mwaka 1848 waliokufa katika wodi hiyo hawakufika 2 katika 100.

Leo tuna glovu, na zina hatari yake. Anayezunguka wodi nzima na jozi moja anajilinda mwenyewe tu, huku akisambaza vijidudu vya kitanda hiki hadi kile. Glovu haikumbuki lolote. Anayekumbuka ni mvaaji.

Kwa hiyo wanaotaka ufundi huu udumu wasiishie kubandika mabango ukutani. Bomba lililo karibu na vitanda litoe maji, sabuni isiishe katikati ya mwezi, na boksi la sindano libadilishwe likijaa robo tatu. Muuguzi asifanyiwe ubahili anapotupa glovu aliyoitilia shaka. Hospitali inayomhesabia jozi kwa zamu inamfundisha, siku baada ya siku, kusahau alichogusa.