Bahari Kuu: Istilahi Moja, Dhana Nne

Wahenga walisema kwamba bahari iliko ndiko mito iendako. Methali hii yasadifu hali ya istilahi moja inayotumika sana katika vitabu vya jiografia, katika nyaraka za serikali na katika habari za magazeti, nayo ni bahari kuu. Dhana kadhaa zimemiminika ndani yake, kila moja kwa njia yake, hata imekuwa vigumu kwa msomaji kutambua ni ipi inayokusudiwa. Makala haya yana shabaha ya kuzichambua dhana hizo, kuonyesha madhara ya kuzichanganya, na kutoa mapendekezo ambayo wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wataweza kuyapima.

Huenda mtu akauliza: neno hili limeeleweka miaka yote miongoni mwa wavuvi na mabaharia, leo limepata kasoro gani? Jibu ni kwamba neno la mazungumzo na istilahi si kitu kimoja. Neno la mazungumzo laweza kubeba maana nyingi bila ya madhara, kwa kuwa wazungumzaji wako pamoja na mazingira huwafafanulia. Istilahi husafiri peke yake. Husomwa na mwanafunzi wa Kigoma ambaye hajapata kuiona bahari, na hakimu aliye mbali na mtunga sheria. Ikiwa haikujitosheleza, hapana mtu wa kuisaidia.

Dhana zenyewe

Dhana ya kwanza ni ya watu wa pwani. Kwao bahari kuu ni maji ya nje ya mwamba, huko ambako chombo kidogo hakiendi ila kwa tahadhari. Mpaka wake haupimwi kwa maili. Hutegemea chombo, majira ya upepo na ujuzi wa nahodha.

Dhana ya pili ni ya jiografia. Bahari imefunika takriban asilimia 71 ya uso wa dunia. Wanajiografia wameigawa katika sehemu tano kubwa: Pasifiki, Atlantiki, Hindi, Aktiki na ile inayoizunguka Antaktika. Vitabu vingi huziita sehemu hizi bahari kuu, ili kuzipambanua na bahari ndogo kama vile Bahari ya Shamu na Mediterania.

Dhana ya tatu ni ya utawala wa uvuvi. Mwaka 1998 Tanzania ilitunga sheria ya kuanzisha Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, chombo cha pamoja cha Bara na Zanzibar. Kazi yake ya msingi ni kusimamia uvuvi katika ukanda wa uchumi baharini. Ukanda huo huanzia pale inapoishia bahari ya kitaifa, yaani maili 12 za baharini kutoka katika mstari wa msingi wa pwani, ukaishia maili 200, ambazo ni kilomita 370 hivi, kutoka katika mstari huo huo. Ndani ya ukanda huo samaki ni haki ya nchi ya pwani peke yake, na meli ya kigeni haivui bila ya leseni.

Dhana ya nne ni ya sheria ya kimataifa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliotiwa saini Montego Bay, Jamaika, mwezi Desemba 1982, na kuanza kutumika mwezi Novemba 1994, unayatambua maji yaliyo nje ya kanda za uchumi za nchi zote. Maji hayo hayamilikiwi na dola yoyote. Meli za mataifa yote, pamoja na yale yasiyo na pwani, zina uhuru wa kusafiri na wa kuvua humo, kwa masharti yaliyowekwa. Wafasiri wengi huyaita maji hayo nayo bahari kuu.

Msomaji ataona mara moja kwamba dhana ya tatu na ya nne hazikutofautiana tu, bali zinapingana. Katika moja, nchi moja ina haki ya pekee; katika nyingine, hakuna nchi iliyo na haki ya pekee. Kuzipa jina moja ni sawa na kuliita shamba la mtu na malisho ya kijiji kwa neno moja, kisha kutumaini kwamba jirani hatakosea mpaka.

Madhara

Njia nyepesi ya kuipima istilahi ni kuitia katika sentensi ya kweli. Inajulikana kwamba maji yasiyo chini ya dola yoyote ni karibu theluthi mbili ya eneo lote la bahari duniani. Mfasiri anayefuata mazoea ataandika hivi: "Bahari kuu ni karibu theluthi mbili ya bahari kuu." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, wala neno la kigeni, lakini haina maana yoyote. Mfasiri mwangalifu ataiona kasoro hiyo na kuizunguka kwa maelezo marefu. Hatari zaidi ni pale ambapo dhana hizi zimo katika aya mbili zilizo mbalimbali, kasoro isionekane, msomaji akaziunganisha mwenyewe.

Tumchukue mwanafunzi. Katika somo la jiografia ameambiwa kwamba Bahari ya Hindi ni bahari kuu. Katika somo la uraia ameambiwa kwamba bahari kuu haitawaliwi na nchi yoyote. Kwa mantiki iliyo sahihi kabisa atahitimisha kwamba hakuna nchi yenye mamlaka yoyote katika Bahari ya Hindi. Mwalimu atamsahihisha mwanafunzi, ilhali anayestahili kusahihishwa ni sisi tunaotunga na kueneza istilahi.

Tumchukue na mtumishi wa serikali. Mwaka 2021 Tanzania ilirekebisha sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Kazi ya kufasiri sheria imekuwa kubwa, na istilahi iliyovumiliwa katika gazeti sasa yaweza kuingia katika kifungu cha sheria. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba wa kuhifadhi na kutumia kwa uendelevu viumbe wa bahari walio nje ya mamlaka ya nchi. Mkataba huo unahusu maeneo ya hifadhi, tathmini ya athari kwa mazingira, na mgawanyo wa manufaa yatokanayo na vinasaba vya viumbe hao. Mvuvi akisikia kwamba kuna mkataba mpya wa "bahari kuu", ana haki ya kudhani kwamba unahusu maji yale yale yanayosimamiwa na mamlaka yenye jina hilo. Sivyo ulivyo.

Tusimlaumu bila ya kumtendea haki aliyelichagua neno kuu kwa ajili ya uvuvi huo. Katika Kiingereza chombo hicho huitwa kwa neno lenye maana ya kina kirefu, na mfasiri asiyefikiri angaliandika "uvuvi wa kina kirefu". Lakini jodari, ambaye ni miongoni mwa samaki wanaotafutwa sana katika ukanda ule, mara nyingi huvuliwa katika maji ya juu, kwa nyavu za kuzungusha au kwa kamba ndefu zenye ndoana nyingi. Jambo linalopambanua uvuvi huo ni umbali na upana wa bahari. Kwa hiyo uteuzi wenyewe ulikuwa wa busara. Kosa letu ni kutoutenga na matumizi mengine.

Mapendekezo

Kwanza, bahari kuu iachiwe jiografia, ambako imekwisha kuzoeleka mashuleni. Panapotajwa maji yote ya chumvi kwa pamoja, tuseme bahari ya dunia. Jambo hili si dogo. Bahari ya dunia ni moja: maji yake huzunguka kutoka sehemu hii hadi ile, nayo imepokea zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalotokana na gesi ambazo binadamu amezirundika hewani. Kwa kuwa neno bahari halibadiliki katika umoja na wingi, mwanafunzi hawezi kuujua umoja huo asipoelezwa wazi.

Pili, dhana ya tatu iitwe ukanda wa uchumi baharini. Jina la Mamlaka ni jina maalumu na lisiguswe, lakini ndani ya maandishi tutaje ukanda wenyewe. Neno baharini lisiachwe, maana "ukanda maalumu wa kiuchumi" huweza kudhaniwa kuwa ni eneo la viwanda. Inafaa tukumbuke kwamba dhana hii si ya kuazima kwa wageni: ni Kenya iliyowasilisha rasimu ya vifungu vyake mbele ya Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Sakafu ya Bahari mwaka 1972. Itakuwa ajabu ikiwa wazo lililotoka kwetu litakosa jina thabiti katika lugha yetu.

Tatu, dhana ya nne iitwe bahari huria. Tumeyapima majina mengine mawili. "Maji ya kimataifa" yaweza kuchanganywa na mito na maziwa yanayomilikiwa na nchi kadhaa, kama Ziwa Victoria. "Bahari ya wote" yadokeza umiliki, na umiliki ndio hasa unaokatazwa. Atakayesema kwamba huria yaashiria vurugu na akumbuke kwamba soko huria nalo lina sheria zake.

Nne, sakafu ya bahari iliyo nje ya mamlaka ya nchi isiitwe kwa jina la maji yaliyo juu yake. Madini yake ni urithi wa pamoja wa binadamu na husimamiwa na mamlaka ya kimataifa yenye makao Kingston, Jamaika. Samaki wa maji ya juu hawamo katika utaratibu huo. Istilahi sakafu ya kimataifa yatosha.

Tano, neno kilindi, ambalo mabaharia wetu wanalo tangu zamani, litumike pale panapokusudiwa kina hasa: viumbe wa vilindini, uchimbaji wa vilindini.

Sasa tuirudie sentensi yetu: "Bahari huria ni karibu theluthi mbili ya bahari ya dunia." Imeeleweka, na haikuhitaji maelezo.

Watu wa pwani hawatakiwi kubadili usemi wao. Nahodha na aendelee kwenda bahari kuu kama alivyozoea. Tunaomba tu kwamba walimu wazijaribu istilahi hizi darasani, wafasiri wazijaribu katika rasimu zao, na wale wanaoishi Lamu, Tanga, Pemba, Kilwa na kwingineko watuandikie ikiwa wana neno jingine la maji yaliyo mbali na mamlaka ya kila nchi. Likiwa bora kuliko huria, tutalipokea.