Fundi Asiyetamani Rekodi

Kyebando, mtaa wa Kampala, haina uwanja wa mashindano ya magari. Ina mteremko unaoshukia mfereji wa Nsooba, ina Northern Bypass inayopita na vumbi lake, na ina gereji za wazi ambazo ukuta wake ni gari la mteja mmoja na paa lake ni kivuli cha mwembe. Magari yanayoletwa humo mengi ni ya Japani, yamekuja Uganda yakiwa yameshatumika. Tangu 2018 sheria inakataza kuingiza gari lililozidi miaka 15 tangu litengenezwe, lakini likishaingia hakuna anayelihesabia umri. Kazi ya kulihesabia ni ya makanika.

Ukitaka kujua kwa nini madereva wa ridhaa wa mbio za dragi huko Marekani wameacha kuzisaka rekodi za madaraja yao, kaa kwenye gereji kama hizo nusu siku. Jibu liko mikononi mwa watu ambao huenda mbio hizo hawajaziona.

Mchezo wenyewe ni mwepisi kuueleza: magari mawili, barabara iliyonyooka, mita 402, taa inawaka, mnaondoka. Chama cha mbio hizo cha Marekani, NHRA, kilichoanzishwa na Wally Parks mwaka 1951, kiliyagawa magari ya kawaida katika madaraja kwa kulinganisha uzito wa gari na nguvu za injini yake. Kila daraja likawa na rekodi. Zamani rekodi hiyo ilikuwa na kazi: ndiyo iliyotumika kupanga nani aondoke mapema na nani asubiri, daraja moja likikutana na jingine. Aliyeivunja alibadilisha hesabu ya wote.

Baadaye kazi hiyo ikahamishwa. Kila daraja likapewa kipimo maalumu cha muda, na katika mashindano mengi ya ridhaa kila dereva akaanza kujiandikia kiooni muda anaoamini gari lake litatumia. Wa sekunde 17.50 akikutana na wa 13.00, wa polepole anatangulia sekunde nne na nusu. Aliyeandika 17.50 akifika kwa 17.49, amekwenda kasi kuliko alivyosema, na hapo kwa kawaida ameshindwa.

Kuna adhabu nyingine pia. Injini ya aina fulani ikionekana inakwenda kasi mno chini ya kipimo chake, NHRA huiongezea nguvu za farasi kwenye vitabu, na ongezeko hilo humpata kila anayetumia injini ya aina hiyo. Basi fikiria umekesha ukitengeneza, asubuhi umekimbia vizuri mno, na wenzako kumi wasio na hatia wanabebeshwa mzigo kwa ajili yako. Wengi huachia mafuta kabla ya mstari, au hugusa breki, ili ubao wa saa usiseme ukweli wote. Anayetaka rekodi hata hivyo, ajiandae kuithibitisha kwa mbio nyingine inayokaribiana nayo, gari lipimwe uzito, petroli ikaguliwe, injini ifunguliwe. Gasketi mpya, muda, fedha. Na siku ya fainali iko palepale.

Isitoshe, nusu ya rekodi ni hali ya hewa. Hewa baridi na nzito, karibu na usawa wa bahari, huipa injini oksijeni nyingi. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Hewa yake ni nyepesi kwa takriban sehemu moja kati ya kumi, na injini isiyo na turbo hupungukiwa kwa kiasi hichohicho. Hata kama fundi wa Kyebando angekuwa bingwa wa dunia, rekodi ingebaki kwa mwenzake wa pwani. Sioni kwamba amepoteza kitu.

Kwa maana anachokijua yeye ni kigumu zaidi: kuifanya injini irudie leo ilichofanya jana. Mtazame akichomoa plagi. Haulizi kompyuta kwanza. Anaangalia udongo wa kauri uliozunguka ncha: ukiwa kahawia hafifu, mchanganyiko wa hewa na petroli ni mzuri, ukiwa na masizi meusi makavu, petroli ni nyingi, ukiwa mweupe kama chokaa, petroli ni kidogo na moto ni mkali, subiri pistoni ikulilie. Plagi nne anazipanga kwa mfuatano wa silinda, kama mganga apangavyo kete, na ile isiyofanana na wenzake ndiyo anayoanza nayo. Kisha nafasi ya vali, kwa kipande cha chuma chembamba kinachotakiwa kupita kwa kukwaruza kidogo, kisilegee wala kukwama. Upimaji wa injini baridi na wa injini moto haufanani, na fundi mzuri atakufukuza urudi kesho asubuhi kuliko kupima katika joto lisilo sahihi. Wateja hulalamika sana hapo. Mimi ningemlipa nyongeza.

Kazi hiyo ndiyo hasa inayoshinda mbio za kujiandikia muda. Tofauti ya joto la maji, upepo wa matairi, kiasi cha petroli kwenye tangi: yote hayo huhamisha muda kwa chembe ya sekunde, na chembe moja inatosha kukutoa. Rekodi humtaka fundi afaulu mara moja. Kujiandikia muda kunamtaka afaulu kila mara, mbele ya mashahidi.

Huku kwetu, kwa kweli, rekodi haikuwahi kuwa na mizizi. Safari Rally, iliyoanza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ilibadilika njia na mvua kila mwaka, hata muda wa mwaka mmoja haukuwa na wa mwaka uliotangulia wa kulinganishwa nao. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, aliishinda mara tano. Ushindi wake wa kwanza, 1973, alilingana pointi za adhabu na mpinzani wake Harry Källström, na kanuni ya kuvunja sare ndiyo iliyomweka mbele. Hakuna aliyeuliza alikimbia kilomita ngapi kwa saa. Kilichohesabiwa kilikuwa pointi za adhabu.

Kwa hiyo siwasikitikii Wamarekani sana. Nawasikitikia kidogo, kwa kuwa anayeona aibu kukimbia vizuri amefundishwa jambo baya na kanuni, na kugusa breki mbele ya mstari si ufundi. Lakini mfumo wenyewe wa kujiandikia muda ningependa uje hapa. Waandaaji wa mashindano wanaojua njia ya kwenda uwanja wa mbio wa Busiika, huko Luweero, wauweke japo Jumapili moja: Premio ya kubebea watoto ishindane na Subaru yenye turbo, kila mmoja dhidi ya neno lake mwenyewe, na mafundi waandikwe majina pamoja na madereva. Vijana wanaojipima usiku kwenye bypass wangepata mahali penye ambulensi. Nao makanika wa Kyebando wangeshinda, kwa sababu mchezo huo wanaucheza kila siku.