Gololi kwenye Kitambaa

Fundi hakuniuliza baiskeli ina nini. Aliitikia salamu, mwangaluka kwa mwangaluka, akabana breki ya mbele, akaisukuma baiskeli mbele na kuirudisha nyuma huku ameinamisha sikio. Ko, ko, ko.

"Shokapu imekufa, kaka."

Ni baiskeli ya gia, ya mtumba, tairi inchi 26. Imenipeleka Kwihara na kunirudisha miaka kadhaa, na njia ile ni mchanga mtupu. Vumbi la Tabora likipenya kwenye oilsili huchanganyika na grisi likawa msasa. Miguu ya ndani ya shokapu, inayotakiwa kung'aa kama kioo, ilikuwa na michirizi na kutu. Ile ya nje imelika, inapwaya. Nikauliza kama springi mpya ingesaidia. Akacheka. Kumvika marehemu viatu, alisema.

Alitaka tuweke foku kavu, ya chuma, isiyo na springi. Niko upande wake: shokapu ya bei rahisi kwenye njia zetu ni anasa ya msimu mmoja. Lakini hakuagiza hapo hapo. Alichukua spoku kuukuu, akapima shokapu kutoka kwenye ekseli hadi chini ya shingo ya fremu, akaikunja kidogo kuweka alama. Kisha akaniambia nipande, akapima tena nikiwa nimekaa. Foku ikiwa fupi mno, baiskeli huinama mbele na usukani unakuwa mwepesi kama wa mlevi. Ikiwa ndefu, huinua pua. Alichotaka ni kimo cha katikati ya alama zile mbili.

Foku ya baiskeli ya Phoenix isingefaa, shingo yake ni nyembamba. Ikabidi ya kwangu itafutwe Mwanza. Mwaka 1872, Stanley alipoondoka Machi, Livingstone alibaki Kwihara hadi Agosti akingoja wapagazi waletwe kutoka pwani. Mimi siku tisa tu zilinishinda.

Katika siku hizo nilianza kutazama foku za watu. Mpagazi wa Kinyamwezi wa zamani alibeba frasila mbili hivi, kama kilo 32, begani mpaka Bagamoyo. Phoenix ya muuza mkaa inabeba zaidi ya hapo, na haina springi hata moja mbele. Ina ule mkunjo tu, foku inapopinda kuelekea mbele karibu na ekseli. Ukiitazama inapopita kwenye shimo utaona chuma kinapumua.

Foku ilipofika, fundi alitandika kitambaa chini ya mwembe kabla ya kugusa spana. Alilegeza usukani, akaipokea shokapu kwa kiganja ikishuka, na gololi zikadondoka kwenye kitambaa, hakuna iliyopotelea mchangani. Aliziosha kwa mafuta ya taa, akazizungusha moja moja kati ya vidole viwili, macho yakiwa kwingine kabisa. Tatu alizitupa. Mimi nilizichukua nikazikagua, sikuona kasoro yoyote.

Ile ringi ya chini, gololi zinapokalia, aliing'oa kwa tindo: pigo dogo kushoto, dogo kulia, kama anayebisha hodi usiku. Akaihamishia kwenye foku mpya kwa kuigonga na kipande cha bomba la maji. Grisi, kisha gololi mpaka kikombe kikajaa, halafu akatoa moja. Lazima zipate pa kutembea.

Bomba la juu la foku mpya lilikuwa refu. Alilizungushia utepe ili msumeno usipotoke, akakata milimita tatu chini ya ukingo wa kibano cha usukani. Likilingana na ukingo, kifuniko hakibani kitu. Alikata polepole mno. Mteja mwingine alikuja, akangoja, akaondoka.

Mwisho akainua gurudumu la mbele, akaliachia. Likageuka lenyewe upande wa kushoto, taratibu, bila kukwama. Akabana breki, akasukuma, akainamisha sikio. Kimya.

Nilipotoa pesa alihesabu, akarudisha chenji yote, akasema nirudi baada ya wiki aikaze tena bila malipo, kwa sababu gololi huwa bado hazijakaa.