Kuba ya Kigali na Kiunzi cha Msonge

Wanaokisifu Kituo cha Mikutano cha Kigali, kilichofunguliwa mwaka 2016, karibu wote husema jambo moja: kuba yake inafanana na nyumba ya mfalme kule Nyanza. Ni kweli. Mbunifu wake, Mjerumani Roland Dieterle, alilikusudia hilo, na usiku taa za rangi zinapowaka hata abiria wa pikipiki hugeuza shingo. Lakini sifa hiyo inaishia kwenye umbo, na umbo ndilo jambo dogo.

Nyumba ya msonge haisimami kwa sababu ni ya duara. Inasimama kwa sababu fito zake zimepindwa na kufungwa pamoja, kila ufito ukiusaidia mwenzake kubeba. Nyasi za juu kazi yake ni kuzuia mvua tu. Jengo la fremu ya chuma hufuata kanuni hiyohiyo: nguzo na boriti hubeba mzigo, kuta hujaza nafasi. Kiswahili kina neno kiunzi, linalotumika pia kwa mbavu za chombo kinachoundwa. Mimi nalipendelea kuliko fremu.

Kwetu Gikundamvura kinachokosekana si duara, ni kiunzi. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008 tetemeko lilizikumba Rusizi na Nyamasheke, pamoja na Bukavu ng'ambo ya mpaka. Makumi ya watu walikufa upande wetu, baadhi yao wakiwa ibadani. Ukuta wa matofali usiofungwa na kitu haujui kuyumba. Ukisukumwa kwa ubavu hupasuka, kisha paa hufuata. Chuma hupinda kabla ya kukatika, na muda huo mfupi unatosha mtu kutoka, mradi viungo vimekazwa vizuri.

Najua nitaambiwa chuma ni ghali, ilhali saruji inatengenezwa hapa jirani Bugarama. Sidai kila nyumba iwe na nguzo za chuma. Nondo chache kwenye pembe, na mkanda wa zege unaozizunguka kuta zote kabla ya kuezeka, tayari ni kiunzi. Fundi anayefanya hivyo amemwiga mjenzi wa Nyanza kwa undani kuliko kuba yoyote, ingawa hakuna atakayempiga picha. Mimi ningeanza na makanisa na shule, maana kuta zake ni ndefu na watu ni wengi chini ya paa moja.