Mita, Futi na Kazi ya Mtangazaji wa Riadha



Kipimo ni lugha. Anayeuza mchele kwa kopo na anayenunua kwa kilo hawasikilizani, mpaka mmoja amweleze mwenzake kopo lake lachukua kiasi gani. Sokoni jambo hili ni wazi kwa wote. Lakini televisheni inapoonyesha michezo ya riadha, yaani mbio, kuruka na kutupa, watangazaji wengi hulisahau. Leo twataka kuitazama kazi yao: nini chafaa kusifiwa, na nini chafaa kurekebishwa.

Kwanza tujue mambo yalivyo. Mita ilizaliwa Ufaransa. Sheria yake ilitolewa tarehe 7 Aprili 1795. Wabelgiji waliitumia, nasi huku Kongo tukajifunza mita na kilo shuleni. Waingereza na Wamarekani walishika inchi, futi, yadi na maili. Hata hivyo mambo yaligeuka. Mwaka 1970, kule Edinburgh, Michezo ya Jumuiya ya Madola iliacha yadi na kushika mita. Mwaka 1976 wakubwa wa riadha ya dunia walikata shauri kwamba rekodi za mbio zitaandikwa kwa mita tu, isipokuwa mbio za maili moja. Lakini watu wa Marekani wangali wakihesabu kwa futi nyumbani kwao. Kwa hiyo mwamuzi huandika mita, na mtangazaji wa kule huwasomea watazamaji futi na inchi. Je, afanya vema?

Tusimhukumu upesi. Tarehe 18 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico, Mmarekani Bob Beamon aliruka mbali hata chombo cha kupimia hakikuweza kufika alipoangukia. Waamuzi wakalazimika kuleta utepe wa chuma. Wakasoma: mita 8,90. Beamon aliisikia hesabu hiyo, lakini haikumwambia kitu, maana mita haikuwa lugha yake. Ndipo mwenzake Ralph Boston akamweleza kwamba amepita futi 29. Rekodi ya zamani ilikuwa mita 8,35, yaani futi 27 na inchi 4 na robo tatu. Alipofahamu, miguu ikamlegea akaanguka chini. Basi, hesabu ilikuwa ya kweli tangu mwanzo, lakini ilimfikia ilipotafsiriwa. Ikiwa mrukaji mwenyewe alihitaji mfasiri, tutawalaumuje watazamaji wa nyumbani kwake wanaotaka futi?

Hata hivyo mfasiri mvivu huharibu habari. Inchi moja ni sentimeta 2,54. Katika mashindano ya dunia ya Budapest, mwaka 2023, Mgiriki Miltiadis Tentoglou alishinda kwa kuruka mita 8,52. Mjamaika Wayne Pinnock alipata 8,50. Sentimeta mbili tu ziligawanya dhahabu na fedha. Sasa mtangazaji akizigeuza hesabu hizo na kuzifikisha kwenye inchi nzima iliyo karibu, wote wawili wapata futi 27 na inchi 11! Mtazamaji atauliza: kwa nini huyu amepewa dhahabu na yule amekosa? Atadhani waamuzi wamependelea. Kosa si la waamuzi. Ni la aliyekata mabaki ya hesabu.

Tutazame pia kuruka kwa upondo. Armand Duplantis, aliyezaliwa Marekani naye ashindania Sweden, alifikisha rekodi mita 6,17 mwezi wa Februari 2020. Toka hapo akaipandisha sentimeta moja, na tena moja, hata akafika 6,30 kule Tokyo mwezi wa Septemba 2025. Utamu wa habari hii ni ngazi yenyewe: kila mara kidato kimoja, hakuna kilichorukwa. Ukiisema kwa inchi, vidato havilingani tena, kwa sababu sentimeta ni pungufu ya nusu inchi. Mtazamaji asikia vipande vya robo na nusu, na ngazi haioni.

Je, tuseme basi kwamba mita ishinde kila mahali? Hapana. Tarehe 6 Mei 1954, kule Oxford, Roger Bannister alikimbia maili moja kwa dakika 3 na sekunde 59,4. Alikuwa mtu wa kwanza kuiteremsha chini ya dakika nne. Ukisema kwamba alikimbia mita 1609, umesema kweli, lakini umeua habari, maana watu walikuwa wakiwinda maili kwa dakika nne. Na jirani yetu Filbert Bayi wa Tanzania alivunja rekodi ya mita 1500 mwaka 1974 kule Christchurch, kwa dakika 3 na sekunde 32,2. Mwaka uliofuata akavunja ya maili kule Kingston, kwa dakika 3 na sekunde 51. Ni mashindano mawili, kila moja na kipimo chake, na sifa yake yamtosha kila moja.

Kwa hiyo yafaa kulaumu pia desturi ya kuziita mbio za mita 1600 «maili». Zapungua mita 9 na zaidi. Kwa mwendo wa dakika nne, hizo ni karibu sekunde moja na nusu. Anayemaliza mita 1600 kwa dakika nne kamili hajafikia maili ya dakika nne, hata mtangazaji apige kelele namna gani.

Shauri letu ni hili: kipimo kilichotumika kiwanjani ndicho kitangulie. Kama waamuzi wamepima kwa mita, mita isomwe na kuandikwa kwanza. Kama mbio ni za maili, zibaki maili. Kisha mtangazaji aongeze kipimo cha watu wake, bila kukata mabaki. Nao watangazaji wa mita wasijisifu mno. Wengi wao husoma «8,52» wakanyamaza, wasiseme kwamba amemzidi mwenzake kwa upana wa kidole. Huyo naye hajafasiri kitu.

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Katika riadha, haba hiyo ndiyo itoayo dhahabu. Mtangazaji asiimwage njiani.