Ufunguo Usiojifungulia Mlango

Katika vikundi vya salsa na bachata vinavyowakaribisha wapenzi wa jinsia moja na watu waliobadili jinsia, kanuni moja ya kale imepinduliwa: kuongoza na kufuata ni zamu za mchezo, na kila mchezaji hujichagulia yake. Kikundi kama hicho hakiwezi kujitangaza Doha. Kifungu cha 285 cha Kanuni ya Adhabu ya Qatar ya mwaka 2004 kinaadhibu mapenzi ya jinsia moja kwa kifungo cha hadi miaka saba.

Hata hivyo, Ghuba ina ngoma yake yenye nasaba ya Afrika. Leiwa, kama salsa, ni urithi wa watu waliovushwa bahari kwa nguvu. Wachezaji huzunguka, zumari hulia katikati, na maneno ya Kiswahili yangali yakisikika humo. Bin Jelmood House, makumbusho yaliyofunguliwa Msheireb mwaka 2015, yanasimulia utumwa huo, uliokomeshwa Qatar mwaka 1952. Lakini ni nani aliyeruhusiwa kuingia ngomani, na kwa sharti gani?

Wanaanthropolojia wawili wanasaidia kujibu. Unni Wikan, mwaka 1977, aliwaeleza makhanithi wa Sohar, Oman: waliimba arusini na kuketi na wanawake, ila walikatazwa mavazi kamili ya kike. Gill Shepherd, mwaka 1987, aliwaandika mashoga wa Mombasa, watumbuizaji wa arusi za wanawake. Kiswahili chenyewe kimehifadhi utata huo: shoga ni rafiki wa mwanamke, na papo hapo ni tusi.

Kazi zote mbili ni za thamani, lakini vichwa vyake vina neno moja: ufunguo. Wikan anafungua majukumu ya kijinsia. Shepherd anafungua hiari za mapenzi. Mchezaji mwenyewe anabaki kizingitini. Msomaji hujifunza zaidi jinsi jamii ilivyomtumia kuliko jinsi alivyotaka kucheza.

Upungufu huo una uzito leo. Oktoba 2022, wiki chache kabla ya Kombe la Dunia, Human Rights Watch ilichapisha ushuhuda wa wanawake waliobadili jinsia waliosema walikamatwa na kuteswa Qatar. Afisa wa serikali alikanusha. Mbele ya ushuhuda huo, sifa za uvumilivu wa kale zinahitaji tahadhari. Anayealikwa kuchangamsha arusi amepewa kazi. Haki ya kurudi nyumbani salama bado hajapewa.